Ya Juu Ni Yako

Mama Pindo alikuwa na mkono wa birika, na wala hakujificha. Sindano ikipinda aliinyoosha. Shati likichakaa alikata vifungo kabla halijawa tambara, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga alilokuwa nalo tangu binti yake ananyonya. Kwa hiyo siku dalali alipopanda ngazi ishirini na tatu za nyumba yake, akaketi sebuleni, akafuta jasho na kusema kwamba malipo yake ni asilimia tano, mama wa watu alihisi ametiwa mkono mfukoni mchana kweupe.

"Asilimia tano ya nini?" aliuliza.

"Ya bei, mama. Bei tutakayouzia."

"Ya nyumba nzima?"

"Nzima."

"Na choo pia?"

"Na choo pia," dalali alisema bila kucheka, kwa sababu swali hilo, au ndugu yake, alikuwa ameshalisikia katika nyumba nyingi.

Dalali huyu watu walimwita Raba. Iwe jua iwe mvua alivaa raba nyeupe za turubai, na soli zake zilikuwa zimelika upande wa nje kwa kutembea. Mama Pindo, ambaye humsoma mtu kwenye nguo kabla hajamsikiliza, alikuwa ameshamkagua. Kola ya shati lake ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa ukafichwa chini. Kazi safi, mishono midogo midogo. Alimpenda kwa kola ile, lakini mapenzi hayo hayakufika mpaka kwenye asilimia tano ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, kwa hela ya pindo na viraka.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mambo ya asilimia mimi siyataki, yananitia kizunguzungu. Mimi nataka themanini. Milioni themanini kamili, mkononi. Wewe uza unavyojua. Ukipata zaidi ya hapo, ya juu ni yako. Ila kwangu senti haitoki."

Raba aliangalia dari, akaangalia dirisha, akarudi kwenye dari. "Una hakika, mama? Asilimia ina faida zake."

"Kwako."

"Hata kwako."

"Mwanangu, nimeshasema."

"Haya. Wengi hupenda hivyo hivyo," Raba alisema, na wakapeana mikono. Hapakuandikwa kitu. Kabla ya kuondoka aliomba ufunguo wa akiba. Akaomba pia picha za ukutani ziondolewe, maana mnunuzi akikuta sura za watu anajiona mgeni, na yeye alitaka ajione mwenyeji. Mama Pindo aliteremsha picha ya mumewe, akaiweka kabatini katikati ya mashuka na kuiomba radhi.

Siku hiyohiyo alimsimulia jirani yake, mstaafu wa posta, jinsi alivyompata dalali wa bure. Alisimulia kwa raha zake, na pale Raba alipoangalia dari alitia chumvi kidogo.

Tusimcheke sana. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Miaka arobaini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeyala, na zile ngazi ishirini na tatu, ambazo mumewe alizijenga kwa fahari kwa kuwa kiwanja cha mteremko ndicho walichokimudu, siku hizi alizipanda kwa vituo viwili, akiketi njiani kama mtu anayesubiri mgeni. Binti yake, mwalimu, aliishi upande wa pili wa mji, na nyumba iliyopakana na yake ilikuwa inauzwa: vyumba viwili, chini kabisa, bila ngazi hata moja. Mwenye nyumba hiyo alikubali kumngoja Mama Pindo miezi mitatu, na alisema waziwazi kwamba hataongeza hata siku. Hamsini na tano zingekwenda pale. Zilizobaki zingemlea uzeeni, asije akamnyooshea mtu mkono. Themanini ile, basi, hakuiokota hewani.

Lakini kuhusu magoti, nyumba ndogo na ile miezi mitatu, hakumwambia Raba hata neno. Alijua kwamba dalali akinusa kuwa una haraka, anakushusha bei. Siri hiyo aliibana kama pini mdomoni.

Wiki zikapita. Raba alileta watu siku ambazo Mama Pindo yuko kwenye kibanda chake cha kushonea, nyuma ya soko, na Mama Pindo aliona hiyo ni adabu, kutomsumbua mtu mzima na wageni. Akirudi alikuta dirisha limefunguliwa, au pazia limefungwa fundo ili mwanga uingie. Alipopiga simu majibu yalikuwa yaleyale.

"Watu wanakuja?"

"Wanakuja, mama."

"Wanasemaje?"

"Wanasema watafikiria."

Wakafikiria mpaka zikabaki siku kumi na mbili.

Jumanne ya wiki hiyo, asubuhi, alikuja kibandani mkunga mmoja mwenye gauni lililokatika zipu. Mama Pindo alimjua tangu ana miaka saba. Marehemu mama yake alikuwa mteja wa kila mwaka, mwanamke mpole, na kwa maoni ya Mama Pindo, mgumu kabisa wa hesabu. Ukimwambia alete mita tatu, analeta nne. Ukimwambia mbili, analeta tatu. Mama Pindo hakumsahihisha hata siku moja. Alikata, akashona vizuri, na kilichobaki kikaingia kwenye kapu lake chini ya cherehani, kama vilivyoingia vipande vya wateja wote. Hakuna mteja aliyeuliza, naye hakumkumbusha mtu.

"Nalitaka alhamisi, mama," mkunga alisema. "Ijumaa mimi na mume wangu tunakwenda kulipia nyumba. Malipo ya awali. Nataka nipendeze hata kama moyo haupo."

"Mbona moyo haupo? Nyumba si furaha?"

"Nyumba tuliyoitaka ilitushinda." Mkunga alitoa simu, akatelezesha kidole. "Tuliiona wiki sita zilizopita. Iko mlimani huko, ina ngazi nyingi, lakini ina upepo, ina mwanga. Sisi tulikuwa na themanini na nne, kila kitu humo. Dalali akasema tisini na sita, na mwenye nyumba hataki kusikia pungufu. Mume wangu akamwomba atufikishe kwa mwenyewe tuzungumze, akasema mwenyewe hapendi kuonana na watu. Ona dirisha lake."

Mama Pindo alivaa miwani. Aliona dirisha, na pembeni yake pazia la buluu lililokuwa fupi, likaongezwa chini utepe mpana wa kitambaa cha njano chenye maua madogo ya zambarau. Pindo lilikuwa limenyooka kama rula. Kazi ya mkono wake mwenyewe aliijua hata kwenye kioo cha simu.

"Hata pazia lake nililipenda," mkunga alisema. "Lilinikumbusha gauni nililokuwa nalo utotoni. Si unalikumbuka? Ulinishonea wewe."

"Nimeshona magauni mengi, mwanangu," Mama Pindo alisema, na akainama kutafuta chaki ambayo haikuwa imepotea.

Hakusema kwamba nyumba ile ni yake. Alitaka kusema, na mdomo ukakataa. Kwanza kwa ile njano, ambayo alijua vizuri sana ilitoka wapi. Pili kwa hasira. Themanini na nne ilikuwa imepanda ngazi zake wiki sita zilizopita, ikashika pazia lake, ikashuka, na yeye hakuambiwa. Alimwandikia mkunga karatasi ya gauni, akafunga kibanda kabla ya saa sita, akashika njia kwa magoti yake yaleyale kwenda kwa Raba.

Ofisi ya Raba ilikuwa benchi moja nje ya duka la fotokopi, na ubao mweusi ulioegemezwa ukutani. Kwenye ubao, chini ya vyumba vya kupanga na fremu mbili za duka, iliandikwa kwa chaki: *Nyumba, vyumba vitatu, upepo mzuri, 96.* Mama Pindo alisimama mbele ya ubao ule kwa muda.

"Shikamoo, mama," Raba alisema na kuinuka.

"Marahaba. Tisini na sita?"

"Karibu ukae."

"Nitakaa ukishanijibu. Nimesikia kuna watu walikuja na themanini na nne."

Raba hakukana. Angekana, Mama Pindo angejua namna ya kumshika, lakini alipokubali kwa kichwa alimwacha na hasira isiyo na pa kukaa. Mwishowe iliketi naye kwenye benchi.

"Walikuja," Raba alisema. "Mke na mume, watu wazuri. Wakaishia hapo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mama? Wewe ulitaka themanini. Yako ilikuwa salama, haina wa kuigusa. Iliyozidi ilikuwa hesabu yangu. Wale waliletwa na dalali mwenzangu, kwa hiyo ya juu ni nne, namgawia nusu, nabaki na mbili. Nimepanda zile ngazi mara ngapi? Na kuna bwana mmoja ametaja tisini na mbili, anangoja mkopo wa benki. Ungekuwa mimi ungekimbilia ipi?"

"Mkopo wake umetoka?"

"Bado."

"Utatoka lini?"

Raba alijikuna shingo, pale kwenye kola iliyogeuzwa. "Hajasema."

Hapo siri ikamtoka Mama Pindo, pini zote kwa mpigo: magoti, nyumba ya vyumba viwili, binti, siku kumi na mbili. Raba alimsikiliza mpaka mwisho, akiangalia raba zake.

"Miezi mitatu unanificha hilo, mama?"

"Ningekuambia ungenishusha bei."

"Ningekushusha," Raba alisema taratibu. "Kweli, siwezi kukudanganya. Ningekuja nikuambie soko baya, pokea sabini na tano. Maana kwa mapatano yetu, kila ninachokushusha kinapanda kwangu. Ulikuwa na haki ya kuniogopa. Lakini ungekuwa umenipa asilimia, nikikushusha najishusha na mimi. Watu wa themanini na nne ningewabeba mgongoni kwenye zile ngazi, nikakuletea siku ileile, maana nisipouza sipati hata nauli. Nilikuambia ina faida hata kwako. Ukaniambia umeshasema."

"Na magoti yangu?"

"Magoti hukuyaweka kwenye mapatano, mama."

Mama Pindo alikuwa amezoea kumwona dalali kama mtu anayelipwa kwa kutaja bei ya kitu kisicho chake. Hakuwahi kukaa akafikiri kwamba namna unavyomlipa mtu ndiyo inayomwonyesha aangalie wapi. Yeye alimwambia Raba aangalie juu, na Raba akaangalia juu miezi mitatu, kwa uaminifu kabisa, huku yeye akikwama chini. Wazo hilo lilimuuma kuliko kuibiwa, kwa sababu mwizi angalau unamlaani.

"Wale watu sasa watakuwa wamepata kwingine," Raba alisema. "Wiki sita ni nyingi. Lakini nitamuuliza mwenzangu."

Mama Pindo hakumwambia kwamba gauni la mke mwenyewe lilikuwa linaning'inia kibandani kwake.

Alipomweleza binti yake kwenye simu, mwalimu yule hakusita hata kidogo. "Mama, hiyo si bahati? Mwambie mkunga nyumba ni yako, atoe themanini na nne zake, mmalizane. Dalali wa nini tena? Hana karatasi, hana shahidi."

"Ndiye aliyewaleta."

"Na ndiye aliyewafukuza. Mama, zimebaki siku kumi na mbili. Mimi nakutaka hapa jirani yangu. Usinifanyie mambo ya heshima yatakayokuacha mlimani peke yako."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pindo mpaka ndani, kwa kuwa binti yake hakuwa mtu wa kusema "nakutaka." Na zile nne, jamani. Milioni nne, kwa mtu anayenyoosha sindano. Alizigeuza kichwani usiku na asubuhi, na kila alipozigeuza zilikuwa nzuri.

Jumatano alikaa kibandani kufumua zipu ya gauni. Kazi ya kufumua haitaki akili, kwa hiyo akili yake ikaenda inakotaka. Ilimpeleka kwa bibi harusi mmoja wa zamani. Bibi harusi huyo alikuja mara tatu kupimwa. Mama Pindo alimchorea gauni kwenye magazeti, akambadilishia mikono, akambadilishia kiuno, siku nane za kazi. Mara ya nne msichana akasema ameahirisha, akaomba ile michoro aitunze kwa kumbukumbu. Mwezi uliofuata Mama Pindo aliliona gauni lile ukumbini, limeshonwa na fundi mwingine wa bei ya chini, michoro yake mwenyewe, na pindo limekwenda mrama. Hakumdai kitu, kwani hakikuandikwa kitu, na kupima ni bure. Lakini hakuweza kula chakula cha harusi ile. Alikaa na sahani mapajani, akiangalia lile pindo.

Sasa mguu wake ukasukuma kitu chini ya cherehani. Lilikuwa lile kapu. Aliliangalia kana kwamba limeingia lenyewe. Miaka arobaini aliwaambia watu walete mita tatu pale ambapo mbili na nusu zingetosha, na ile nusu ikawa yake, na hakuna aliyesema wala kuandika. Binti yake alikua kwa nguo za kapu lile. Yeye alilijaza kimyakimya na kujiita fundi mwaminifu, na Raba alipolijaza la kwake kwa ruhusa aliyopewa kwa mdomo, akamwona mjanja.

"Mtu mzima hovyo," alijiambia kwa sauti, na mteja aliyekuwa akipita akageuka.

Akampigia Raba, akamwambia aje alhamisi saa nne, na aje na karatasi.

Alhamisi mkunga aliingia kibandani akamkuta Raba kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja, karatasi mapajani. Alimtambua kwa viatu, na uso wake ukabadilika.

"Kaa, mwanangu," Mama Pindo alisema. "Ile nyumba ni yangu."

Alieleza yote, na hakujipamba. Alisema jinsi alivyokataa asilimia, jinsi alivyosema ya juu ni yako, jinsi alivyofurahi kupata dalali wa bure. Mkunga alimwangalia Raba, akamwangalia Mama Pindo. Halafu akampigia mumewe, fundi umeme, aliyekuwa juu ya paa la mtu, na huko juu akasikika akiuliza mara mbili kama ni ile yenye upepo.

"Themanini na nne mnazo bado?" Mama Pindo aliuliza.

"Tunazo. Hatujalipa popote. Ya awali tunaweza kuleta kesho."

Kesho. Siku tisa kabla ya muda kwisha, malipo yale yangetosha kuishikilia nyumba ya vyumba viwili. Mama Pindo alisogeza gauni kando ya cherehani, akafanya nafasi ya karatasi.

"Basi tuandike," alisema. "Na udalali nautoa mimi, asilimia tano, mbele yako, uione na ujue ni kiasi gani. Tusifichane tena."

Raba alipiga hesabu pembeni ya karatasi. "Nne na laki mbili. Mama unabaki na sabini na tisa na laki nane."

Sabini na tisa na laki nane. Mkono wa birika haufi kwa siku moja, na huu ulikuwa hai na mzima.

"Andika nne tupu," Mama Pindo alisema. "Mimi nibaki na themanini yangu."

"Mama, hiyo ninagawana na mwenzangu."

"Gawaneni nne. Mbili mbili, inagawanyika vizuri. Themanini nilisema tangu siku ya kwanza."

Raba aliinua kalamu, akaishikilia hewani. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo. "Haya, mama," alianza kusema, lakini mkunga akamkatiza, kwa sababu yeye alikuwa mahali pengine kabisa.

"Kwa hiyo lile pazia ni lako," alisema. "Nilijua. Ile njano ni gauni langu."

Mama Pindo aliangalia mikono yake. Angeweza kusema kitambaa kile kiliuzwa madukani kwa wote. Lakini alikuwa ameshasema tusifichane, tena mbele ya shahidi.

"Ni kipande chake," alisema. "Mama yako alileta kingi. Kilichobaki nikamshonea binti yangu gauni kama lako. Lilipombana nikalifumua, likawa pindo la pazia. Kilipaswa kurudi nyumbani kwenu, kilikuwa chenu. Mama yako hakuwa anajua vipimo, nami sikumwambia. Kila mwaka sikumwambia. Nisamehe."

Mkunga alimtazama kwa mshangao, kisha uso wake ukalegea.

"Mama alikuwa anajua vipimo vizuri sana," alisema. "Nilikuwa naye dukani siku ile. Muuzaji alishika mkasi kwenye tatu, mama akamwambia hapana, kata nne. Nikamwambia, mama, fundi amesema tatu. Akaniambia, fundi naye ana mtoto, na si mtu wa kuomba. Kila mwaka alinunua mita moja ya ziada, na akanikataza nisiseme kwako."

Mama Pindo alimwona yule mwanamke mpole akiwa amesimama palepale mlangoni, na kitambaa mkononi, mwaka baada ya mwaka, akimwacha fundi ajione mjanja. Hata mara moja hakumshukuru. Angemshukuruje, na alidhani anamwibia? Machozi yalimtoka bila kwikwi yoyote, akayafuta kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, na hakuona haya nayo.

Raba alikuwa ameinamia karatasi yake, kalamu bado hewani, akisubiri aambiwe nne.

"Andika nne na laki mbili," Mama Pindo alisema.

"Mama, nilikuwa nimeshakubali kuziacha."

"Nimekuona. Ziandike." Alinyoosha mkono, akaiweka sawa kola ya shati la Raba pale ilipoinuka, kama anavyofanya kwa mteja anayejaribu nguo. "Hizo za juu ni zako, baba."

Raba alikuwa ameambiwa maneno hayo na wenye nyumba wengi, na hata mmoja wao hakuwa anampa kitu. Alimwangalia Mama Pindo kwa muda, kisha akainama akaandika.